Amri ya Shamba la Fredrick

Mwaka mzima Rozalia hakukanyaga shamba la marehemu mumewe, Fredrick. Hakimu alikuwa ameamuru kwamba asiingie mtu yeyote, si mjane, si ndugu wa marehemu, mpaka shauri la mirathi liishe. Rozalia alikuja Rhotia kutoka Mbulu akiwa msichana wa kuchuma kahawa, na katika maisha yake yote hakuwahi kupewa karatasi yenye muhuri wa serikali isipokuwa cheti cha ndoa na nakala ya amri hiyo. Aliikunja ndani ya nailoni akaitii kama mtu aliyeapa.

Kaburi la Fredrick lilikuwa humo humo shambani, upande wa juu. Mama yake alimfundisha kwamba mjane hupalilia kaburi kabla ya kugusa mahindi. Sasa alisimama barabarani tu, akiyatazama majani yakipanda hadi kwenye mikono ya msalaba.

Mvua za Machi zilipoanza, shemeji yake Ignas aliingiza trekta.

Rozalia aliipeleka karatasi kwa mtendaji wa kijiji, ambaye aliisoma mara mbili na kusema haikuelekezwa kwake yeye mtendaji. Polisi mjini Karatu walimwambia hayo ni mambo ya mahakama. Karani wa mahakama, kijana mwenye adabu, alimweleza kwamba amri haitembei kwa miguu yake. Alete maombi, na alete ushahidi kwamba Ignas ameivunja. Jirani yake Katarina alikubali kuwa shahidi. Siku tatu baadaye trekta ya Ignas ikalima shamba la Katarina, naye akaanza kupita njia nyingine kwenda kanisani.

Ukabaki ushahidi wa picha. Kutoka barabarani simu ilionyesha rangi ya kijani tu, shamba kama mashamba yote. Basi Jumatatu moja, mchana kweupe, Rozalia alivuka mpaka akiwa na simu mkononi, apige picha za mistari ya mahindi na kutoka.

Hakupiga hata moja. Jembe la trekta lilikuwa limekata robo ya kaburi na msalaba ulikuwa umelala kifudifudi kwenye matuta, bua la mahindi limeota pembeni yake. Alipiga magoti. Alikusanya udongo kwa viganja, akausimamisha msalaba, akaushindilia kwa jiwe. Alipoinua kichwa, Ignas alikuwa amesimama hatua kumi, simu yake imeelekezwa kwake.

"Endelea tu, shemeji," alisema. "Usinijali."

Kila mmoja akamshitaki mwenzake kwa kuvunja amri, na mahakamani Ignas aliapa kwamba yeye hajaingia shambani tangu amri itolewe. Mahindi yalipandwa na vibarua wa Singida, nao walikwishaondoka. Hakuwatuma, wala hawajui kwa majina. Hakimu alimkazia macho muda mrefu. Kisha akauliza kama kuna shahidi, au picha. Katarina hakuwepo.

Ikaja zamu ya Rozalia. Picha aliyopigwa na Ignas ikapitishwa kwa washauri wawili wa hakimu, mmoja baada ya mwingine.

"Mama, ni wewe huyu?" hakimu aliuliza.

"Ni mimi, mheshimiwa."

"Ulijua amri imekukataza?"

"Niliijua. Ninayo hapa."

Hakimu alisema, kwa sauti ya mtu asiyefurahia kazi yake, kwamba mahakama ikiachwa idharauliwe na mmoja kwa huzuni yake, kesho itadharauliwa na wote. Angeweza kumsamehe endapo angeomba radhi na kuahidi hatarudia.

Rozalia alisema anaomba radhi kwa kuvuka mpaka. Lakini msalaba ukilala tena atausimamisha tena, na hawezi kuidanganya mahakama.

Nyuma chumbani mtu alicheka kidogo.

Hukumu ilikuwa siku kumi na nne gerezani. Askari wa kike alipomshika mkono, Rozalia aligeuka akauliza, bila kupandisha sauti, amri hiyo sasa italindwa na nani. Hakimu alikuwa ameinama, anaandika. Alimaliza mstari wake, akasoma kwamba zuio la kuingia shambani linaendelea kwa pande zote mbili, na kwamba shauri la mirathi litatajwa tena mwezi wa tisa, baada ya mavuno.