Bomba la Naserian

Nilipokuwa mdogo, kabla ya ploti na nyua za waya kulifikia boma letu nje ya Kitengela, dada yangu Naserian alikuwa na redio aliyoiunda mwenyewe kwa mabaki ya redio zilizokufa. Akiwa nyumbani, iliongea vizuri. Akirudi shule ya bweni huko Kajiado, ilinyamaza mpaka likizo. Baba alilaumu betri. Mama alitulaumu sisi wadogo. Koko, mama yake baba, hakumlaumu mtu. Siku moja tukichambua maharagwe aliniambia, "Hiyo kitu haitumii betri. Inamtumia dada yako. Yeye hajui, kwa hivyo na wewe funga mdomo."

Nilitaka kujua kwa nini tusimwambie. Akasema kuna watu ambao Enkai, Mungu wetu, amewawekea kitu mikononi, na kitu hicho hufanya kazi mradi mwenyewe anadhani ni akili yake tu. Akijua, kinatoka. Ndivyo naye alivyoambiwa na mama yake. Niliamini bila shida, nikafunga mdomo.

Kisha ukaja ukame. Baba alipeleka ng'ombe kuelekea Entarara, akatuachia wale ambao hawangeweza kutembea. Sisi tulinunua maji kwa ndugu yake, baba mdogo Lemayian, aliyekuwa na lori la maji. Mwaka ule kila kitu kilikonda isipokuwa baba mdogo.

Naserian alikuja likizo, akamkuta Mama akiosha vyombo kwa maji aliyokuwa ameoshea mboga. Alikwenda nyuma ya boma, kwenye kisima cha zamani ambacho hakuna aliyekumbuka kikiwa na maji, akaanza kuunda bomba la kuvuta maji. Alitumia gurudumu la baiskeli, mpira wa tairi na mabomba ya plastiki aliyookota kwenye jengo lisilomalizika. Mimi nilikanyaga pedali. Kwanza tope lilitoka, halafu maji mekundu, halafu maji safi, baridi kama ya mtungi wa udongo. Naserian alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akachukua kijiti akachora mchangani, akinieleza jinsi hewa inavyosukuma na kuvuta. Sikuelewa, lakini nakumbuka uso wake. Sijamwona tena mtu akiwa na furaha ya namna ile.

Habari zilienea. Wamama wa kanisa walikuja na mitungi, wakaja wapangaji kutoka nyumba za karibu, wachungaji wakaleta mbuzi. Hatukumdai mtu chochote. Siku ya kwanza hata baba mdogo alikuja, akanywa vikombe viwili, akasema, "Ashe, asante, binti yangu. Umetuokoa."

Lori lake lilipoanza kushinda limeegeshwa, akarudi na wazee wawili wa kanisa.

"Hii maji inatoka wapi?" aliuliza.

"Kwa kisima, baba mdogo," Naserian akajibu.

"Hicho kisima kilikauka kabla uzaliwe. Lazima tufungue tuangalie. Watu wasije wakanywa sumu."

Koko alitoka nyumbani na fimbo yake. "Lemayian, ulikunywa na hukufa. Mbona hukuuliza hiyo swali siku ile?"

"Mama, hii ni mambo ya afya."

"Usifungue. Nakuambia kama mama yako. Ukifungua, hutaweza kurudisha."

Ni Naserian mwenyewe aliyemshika Koko mkono. "Wacha wafungue, Koko. Hakuna kitu nimeficha." Alitaka waone. Alikuwa amengoja watu wazima wamwulize anavyofanya, na aliona siku hiyo imefika.

Walivuta bomba juu. Lilikuja fupi, fupi kabisa, na mdomo wake wa chini ulikuwa mkavu. Ndani kulikuwa na utando wa buibui, na buibui mwenyewe bado yuko humo. Baba mdogo akachukua jiwe, akalitupa kisimani. Tukalisikia likigonga mwamba.

"Sasa sema," akamwambia. "Ulikuwa unatoa wapi maji?"

"Nilipima," Naserian alisema. "Nilipima na kamba." Akasema tena, sasa kwa sauti ndogo. Alilitazama bomba lile jinsi mtu anavyomtazama rafiki aliyemdanganya.

Neno uchawi lilitoka kwanza kwa mama mmoja mwenye mtungi uliojaa asubuhi ile ile. Hakuumwaga. Aliubeba mpaka kwake, akapikia.

Koko hakupiga kelele. Alimwambia mwanawe, "Umemwamsha mtoto anayetembea usingizini, akiwa katikati ya mto," akarudi ndani.

Jumapili walimpigisha Naserian magoti mbele ya kanisa, wakamwekea mikono kichwani, mikono ambayo kwa wiki nyingi ilikuwa imenawa kwa maji yake. Jumatatu lori lilirudi barabarani. Dada yangu aliunganisha bomba upya, refu, mpaka chini kabisa. Nilikanyaga hadi miguu ikatetemeka. Halikutoa hata tone. Redio pia haikuongea tena. Ng'ombe waliobaki walikufa mmoja mmoja, na hakuna aliyeuliza nani kawaua.

Leo Naserian anaishi Tuala, anafanya kazi ya ofisi, na taa ikiungua kwake anaita fundi. Baba mdogo ni mzee wa kuheshimiwa. Kila harusi anasimulia kisa kile kama kichekesho. Mwaka jana alikisimulia Kajiado, watu wakashika mbavu, nikasimama.

"Baba mdogo, waambie pia ulikunywa vikombe vingapi."

Kicheko kikakatika. Naserian akanivuta nguo. "Kaa chini, wewe." Baadaye, tukiwa nje, nilimuuliza kama aliwahi kujua, hata kidogo.

"Sikujua," alisema. "Nilidhani niko na akili."

"Uko na akili."

"Hiyo unaniambia sasa," akasema, akaenda kutafuta gari lake.

Watu wakisikia habari hii huniuliza ilikuwa muujiza ama ushirikina. Siku hizi sijibu. Mvua haijawahi kuulizwa inatoka wapi, wala hakuna aliyemuuliza Lemayian lori lake lilijaziwa wapi wakati wote walipokuwa na kiu. Aliyelazimishwa kujieleza ni msichana mmoja, kwa sababu alitupatia kitu bure na hakuwa na mtu mkubwa nyuma yake isipokuwa nyanya mwenye fimbo. Pasta wetu wa sasa ananishauri nisamehe. Nimejaribu. Ila kila nikikaribia kusamehe, namwona yule mama akiondoka na mtungi wake kichwani, akitembea polepole, asimwage.