Siku Tuliyomwamkia Mtani Shikamoo

Siku hizi redioni nawasikia wataalamu wakieleza jinsi mji au nchi inavyoweza kujipatia jina zuri kwa wageni bila kutumia mabavu: kwa chakula chake, muziki wake, ukarimu wake. Huwasikiliza mpaka mwisho, kisha nacheka peke yangu. Kazi hiyo niliwahi kuifanya Mikumi, nikaiharibu kwa mikono yangu mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile tuliyoiita ya ruksa, biashara binafsi ziliporuhusiwa. Duka la ushirika nilimokuwa nauza pale Kilosa lilifungwa, na kila mwenye nguvu alikuwa anafungua kitu chake. Mimi nilihamia Mikumi, nikafungua mgahawa kando ya barabara kuu. Nilipika wali, maharage na kuku wa kienyeji. Mbele yangu akinamama walichoma mahindi na kuuza ndizi na mayai. Wote tuliishi kwa abiria. Basi likisimama, tulikula, likipita, tulitazamana. Wasafiri wengi waliijua Mikumi kwa wanyama wa mbugani tu. Walichungulia dirishani kutafuta twiga, wakimwona wakaridhika, safari ikaendelea.

Basi tulilolitegemea kuliko yote liliendeshwa na Mhehe mmoja mnene, aliyevaa kofia ya sufu hata katika joto letu. Yeye akisimama, na madereva wenzake wa Iringa walisimama. Na aliyemsimamisha si mimi wala wali wangu. Alikuwa mama mmoja muuza mahindi, Msagara kama mimi. Wahehe na sisi ni watani. Babu zao walikuja kuwapiga babu zetu, vita vikaisha, wajukuu tukabaki na ruhusa ya kutukanana bila mtu kununa.

"Mmefika, wezi wa ng'ombe!" mama yule alikuwa akipaza sauti kabla breki hazijashika. "Shukeni mle chakula. Pombe ya ulanzi peke yake haijengi mwili!"

"Chakula gani?" dereva alijibu. "Hayo mahindi mmewaibia nyani. Nimewaona njiani wanalia."

"Wamekulilia wewe, ndugu yao. Walidhani unarudi nyumbani."

Hapo mama alimvua dereva ile kofia, akaivaa yeye, na hakuirudisha mpaka dereva ale. Abiria walicheka mpaka wakashuka. Waliokuwa na njaa walikula, na wasiokuwa na njaa walinunua ili wasipitwe na maneno. Mikumi, nadhani, ilikuwa inatajwa hivyo Iringa na Dar: pale penye yule mama.

Sasa siku moja akashuka abiria mmoja aliyevaa suti, mtu wa mbali asiyejua utani wa huku. Mama akamwambia ana tumbo la gunia la viazi. Bwana yule alinifuata mezani, uso umemjaa hasira.

"Mji wenu hauna heshima," akasema. "Nitawaeleza watu kote nitakakofika."

Maneno yale yalinichoma. Nilikuwa nimesoma sekondari, tena nilikuwa katibu wa kikundi chetu cha wafanyabiashara wa kituoni. Nilikumbuka stesheni ya Kilosa zamani, watu wametulia kwenye mabenchi, mkuu wa stesheni amevaa kofia yake, hakuna anayepiga kelele. Nikaona huo ndio ustaarabu, na Mikumi inapaswa kuwa hivyo. Kwa hiyo niliitisha kikao. Nikatangaza kwamba kuanzia kesho hakuna tena kumvua mtu kofia wala kumtania. Basi likifika, wote tusimame mstari mmoja, tuamkie kwa adabu.

"Hata mtani wangu?" mama yule aliuliza.

"Hasa yeye, dada. Ni mkubwa kwetu kwa umri."

"Katibu, mtani haamkiwi shikamoo. Ukimwamkia hivyo umemwambia utani umekwisha."

"Hayo ni mambo ya kijijini. Hapa ni barabara kuu."

Wajumbe walinipigia makofi. Nilizungumza vizuri siku zile, na hilo lilikuwa tatizo.

Kesho yake basi likafika. Tulikuwa tumejipanga, akinamama wamevaa kanga safi, mimi nimefunga tai. Dereva alitoa kichwa dirishani, tayari anatabasamu, akisubiri kutukanwa.

"Shikamoo, dereva!" tukasema kwa sauti moja.

Lile tabasamu likaondoka. Alimtazama mama wa mahindi. Mama alitazama chini.

"Marahaba," akajibu taratibu, kama mtu anayepokea habari ya kifo. "Nani amefariki hapa?"

"Hakuna aliyefariki," nikasema. "Karibuni Mikumi."

"Basi nimewakosea nini?"

Sikulielewa swali. Abiria nao walitazama ule mstari wetu, wakadhani tuna msiba au kesi, wakabaki vitini. Dereva hakuomba hata maji. Siku iliyofuata alipita bila kupunguza mwendo. Muda si muda mabasi mengine ya Iringa yakafuata. Konda mmoja alitupigia kelele akiwa mlangoni, "Mmenuna, bakini na ununaji wenu!" Kumbe habari ilikwisha kusambaa kwamba Mikumi wamevunja utani.

Akinamama hawakunigombeza. Walikula mahindi yao wenyewe, wakinitazama. Wawili wakafunga vibanda, mmoja akarudi kijijini kwao Munisagara kulima. Nilipomwomba mama wa mahindi aanze tena kelele zake, alinicheka.

"Nimpigie kelele nani? Gari halisimami. Tena aliyeuvunja ni wewe, utauunga wewe."

Nafasi ilikuja kwa njia ya huzuni. Baba mkubwa wa dereva yule, mzee aliyestaafu kazi ya reli na kubaki Kilosa, alifariki. Msibani kwa Mhehe, Msagara ana kazi yake: kuwachekesha wafiwa, kuzuia njia, kudai vitu, kumwigiza marehemu. Tulipanda pikapu iliyobeba magunia ya mkaa, mimi na mama yule, na njia nzima alinifundisha.

"Ukifika usitoe pole kwanza. Lala mlangoni."

"Na suti hii?"

"Suti ndiyo nzuri. Lala nayo."

Tulikuta wafiwa wamejaa uani. Dereva alikuwa anatoka ndani na wazee wenzake. Nililala chali kizingitini, vumbi likanipanda mgongoni, nikasema kwa sauti ya mtu anayejibu mtihani wa mdomo:

"Hapiti mtu hapa mpaka nipewe kuku."

Dereva aliniinamia.

"Huyu siye yule aliyeniamkia shikamoo?"

"Ndiye," mama akajibu. "Tumekuletea. Mfanye utakavyo."

"Amekuja kuzikwa badala ya mzee wetu?"

"Hatumtaki Kilosa," mzee mmoja akadakia. "Ataanza kuwapanga marehemu mstari!"

Kicheko kilichotoka uani pale sijawahi kukisikia tena. Hata mjane aliyekuwa ndani aliuliza kuna nini, akaelezwa, akacheka huku anafuta machozi. Dereva alinivuka kwa mguu mmoja, akarudi, akanivuka tena. Kisha akanivua tai, akaifunga kiunoni mwake kama mkanda na kuzunguka nayo mpaka mazishini. Kuku sikupewa. Nilipewa ndoo nikachote maji ya kunawa watu wote, na nilichota.

Nikisema mambo yote yalirudi kama zamani nitakuwa nadanganya. Mabasi mengine yalikwisha kuzoea kusimama mbele huko, na yule aliyerudi Munisagara hakuja tena kituoni. Hilo bado linaniuma, maana alikuwa mpishi hodari wa maandazi na hakuwa na kosa. Nilitaka wageni watusifu, nikaondoa kitu pekee walichokuwa wanakisifu, kisha nikakiita ustaarabu.

Lakini juma lililofuata, jua likiwa utosini, tulisikia honi ndefu kutoka upande wa mbuga. Mama wa mahindi akasimama. Basi lilipunguza mwendo, likatoka barabarani, likasimama mbele yetu na vumbi lake. Kichwa cha dereva kikatokeza.

"Walaji wa kumbikumbi! Bado mko hai?"

Mama alifumba mdomo, akanigeukia. Wote walinigeukia.

"Tuko hai," nikasema, "na wewe... na wewe unanuka kama ulanzi wa juzi!"

Halikuwa tusi zuri. Dereva alisema hata mtoto wake wa chekechea angenishinda. Lakini abiria walikwisha kucheka na walikuwa wanashuka, mmoja baada ya mwingine, wakiuliza chakula kiko wapi. Nikakimbilia jikoni kuwasha moto, maana kwa kutoamini kwamba basi lingesimama sikuwa nimepika chochote, na huko nje nilimsikia mama yule akiwashika watu wote wa basi zima kwa maneno, mpaka wali ukaiva.