Maziwa Yasiyonuka Moshi

Godana Jarso mnamjua, yule dresa, mfunga vidonda wa zahanati ya Garsen, anayekuuliza maswali mpaka ugonjwa wenyewe unachoka. Hakuzaliwa hivyo. Zamani alikuwa mtu wa kushuku kila kitu na kufunga mdomo. Kwao ni wafugaji, Waorma, na Mworma akiona nyayo zako karibu na zizi hakuulizi, anakuangalia tu.

Mwaka wa hamsini na sita akapelekwa Unguja kujifunza uuguzi. Akivuruga, anarudishwa nyumbani. Na nyumbani arudi kwa nini? Fungu lake la ng'ombe ndugu zake walishagawana, bado hata hajapanda lori.

Kazi ya kwanza wodini ilikuwa kuwanywesha wagonjwa maziwa asubuhi. Godana akanusa kikombe. Hakuna moshi! Kwao chombo cha maziwa hufukizwa kwanza kwa makaa. Maziwa yasiyonuka moshi, ama ni ya mtu mchafu, ama kuna mkono umetia kitu. Akatazama huku, akatazama kule, akayamwaga mferejini. Kesho yake vilevile. Akajiona ameokoa wodi nzima, lakini hakumwambia mtu.

Wagonjwa wakalalamika njaa. Bi Zuwena, mkuu wa wodi, naye akawa na shaka zake: huyu mrefu anakunywa maziwa ya watu. Lakini mbona hanenepi? Akajibanza nyuma ya pazia.

"Ala! Godana! Mfereji nao unaumwa?"

Godana akaficha kikombe nyuma ya mgongo.

"Sema, baba, au nikukatie tikiti ya meli."

"Mama, maziwa yenu yana kitu. Hayanuki moshi."

"Sisi maziwa tunakunywa, hatuvuti!"

Godana akamweleza mambo ya kwao. Bi Zuwena akacheka mpaka akashika ukuta, kisha uso ukabadilika.

"Sasa ulidhani ni sumu, ukanyamaza. Na ya jioni, anayoyagawa mwenzako? Hao wa jioni uliwaacha wafe?"

Kweli, hilo Godana hakuwa amelifikiria.

"Chukua maziwa mengine, nenda kitanda kwa kitanda, useme ulichofanya. Wakikukataa, unaondoka."

Wa kwanza alikuwa mzee mmoja, mchukuzi wa bandarini, mguu umevunjika.

"Kumbe ni wewe! Tumbo langu linapiga ngoma kila asubuhi kwa ajili yako!"

"Samahani, mzee. Niliyashuku."

"Si ungeniuliza? Mdomo ninao." Mzee akamkazia macho. "Na mimi sasa nakushuku wewe. Kunywa kwanza."

Godana akafumba macho kama mtoto anayepewa kwinini, akanywa. Wodi nzima ikainua vichwa, ikingoja aanguke.

"Yakoje?"

"Mabaya, mzee. Lakini ni maziwa."

Mzee akanyoosha mkono achukue kikombe. "Bi Zuwena, mwache huyu. Angalau sasa anasema."