Filamu Kumi za Mshonaji

Mshonaji wa mtaa wetu hapa Bunia hutazama filamu huku akishona, pini zikiwa midomoni, na mkono wake haukosei mstari. Mwisho wa mwaka 2010 aliandika kwa chaki, kwenye mlango wake, filamu kumi alizozipenda kuliko zote katika miaka kumi iliyopita. Kila mteja alibishana naye, lakini hakufuta hata moja. Ya kwanza ilikuwa ya wazee wawili wanaopaka nyumba yao rangi wakimsubiri binti yao arudi kwa Noeli.

Mwalimu Zacharie, aliyekuja kuchukua suruali yake, alicheka. "Mama, ile filme haina ata ngumi moja! Inakuwa ya kwanza namna gani?"

Mshonaji alitoa pini midomoni, moja moja. "Mwalimu, mule ndani uliona mutu anakimbia na godoro ku kichwa?"

"Hapana."

"Uliona mutoto analala chini ya kitanda?"

Miaka saba nyuma, vita vilipoingia Bunia, watoto wa Mwalimu walilala hivyo wiki nzima. Aliusoma tena mlango, polepole.

"Mama, uniazime ile filme," alisema. "Nataka watoto waione."