Alama Niliyoifuta Kwenye Meno ya Gia

Nakumbuka, mwanangu, Jumatano moja ya joto katika karakana ya Industrial Area, mjini Doha, miaka ile ambapo majengo ya West Bay yalikuwa bado yanapanda. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, na stashahada ya ufundi wa magari niliyoilaza begini kati ya mashati mawili ili isikunjike. Nakusimulia haya kwa sababu nawe sasa umeshika cheti chako, na miguu yako haitulii. Yangu pia haikutulia.

Kijana mmoja mwenyeji, Nasser, alikuwa ametukabidhi gari lake la Kimarekani, la silinda nane na gia za mkono, mojawapo ya yale magari yanayonguruma hata yakiwa yamesimama. Alitaka lichomoke kwa kasi zaidi. Kazi zilikuwa mbili: kufunga klachi nzito itakayohimili nguvu za injini, na kubadilisha gia za difu, yaani kile kitovu cha ekseli ya nyuma ambamo gia ndogo huizungusha gia kubwa na magurudumu yakapata mwendo. Klachi aliifunga Kato, Mganda mwenye maneno mengi. Difu nilikabidhiwa mimi, chini ya uangalizi wa Mzee Wafula, fundi wa Bungoma aliyefika Ghuba mimi nikiwa sijaanza shule.

Sikiliza vizuri hapa, maana kosa langu limo humu. Gia za difu hazifungwi kwa kukisia. Fundi huyapaka meno ya gia kubwa rangi nzito ya manjano, akaizungusha, kisha akatazama mahali ambapo gia ndogo imeacha alama. Alama ikikaa katikati ya jino, kazi ni njema. Ikikaa ukingoni, unafungua kila kitu, unabadilisha visahani vyembamba vinavyoisogeza gia ndogo, unafunga, unapaka tena. Nilipata kumwona Mzee Wafula akirudia mara saba bila kuguna.

Mimi nilirudia mara tatu. Mara ya tatu alama ilikaa juu kabisa, kwenye ncha za meno. Nasser alikuwa amesimama mlangoni tangu alasiri, mudiri wetu, yaani meneja, akipita na yalla, yalla zake za kutuharakisha, na Kato, ambaye klachi yake ilikuwa tayari tangu asubuhi, akanirushia dongo: "Profesa, hilo difu unalifunga ama unalisomea?" Karakana nzima ikacheka. Nikachukua kitambaa, nikaifuta rangi yote, nikalifunika difu na kulijaza oili.

Nasser akaniuliza kama angeweza kushindana nalo Ijumaa baada ya swala. Kuna maneno mawili ambayo kila mgeni wa Ghuba huyajua kabla hata ya kujua duka la mkate liko wapi: mafi mushkila, hakuna shida. Tulimwambia hivyo kila aliyetutuma, tusije tukaonekana wazito. Hata difu lililofungwa vyema, likiwa jipya, huhitaji kuendeshwa kwa upole siku kadhaa kabla ya kubebeshwa nguvu, na klachi mpya vivyo hivyo. Hayo niliyajua, nilikuwa nimeyafanyia mtihani. Nikamwambia mafi mushkila.

Gari lilipotoka, Mzee Wafula alinijia akipangusa mikono.

"Alama ilikaa wapi?"

"Katikati, mzee."

Akakitazama kitambaa cha manjano kilichoning'inia mfukoni mwangu, akaondoka.

Alhamisi sikufaa kitu. Nilishika spana nikasahau nimeishikia nini. Kila gari lililopita barabarani nililisikia kama linalia mvumo wa gia zinazosagana. Akilini nilimwona Nasser katika mwendo wa kasi, difu likikwama ghafla, magurudumu ya nyuma yakigoma, gari likibiringika. Mara nne nilitembea hadi mlango wa ofisi na mara nne nikageuka, kwa kuwa nyuma ya mlango ule niliiona tiketi ya kurudishwa nyumbani. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilikuwa nimeficha, na sikuweza hata kuketi.

Doha, hata sisi Wakristo huabudu Ijumaa, kwani ndiyo siku ya mapumziko. Kwaya ilipoanza wimbo wa pili niliinuka, nikachukua teksi hadi nyumbani kwa Nasser, ambako nilikuwa nimelifuata gari juma lililotangulia. Nilimkuta uani, gari limefunikwa turubai. Kabla sijamaliza salamu alinieleza, kwa hasira iliyoanza kupoa, kwamba mzee wetu alimpigia simu Jumatano ile ile, kabla hajafika hata nyumbani, akamwomba asiliendeshe tena. Alisema kosa la kipimo ni lake yeye Wafula. Naye Nasser alikuwa amempigia mudiri kulalamika.

"Sasa wewe umefuata nini?" akaniuliza.

Nikamwambia kwamba aliyeifuta alama ni mimi, na kwamba niliiona ilipokaa.

"Nilikuuliza kwa sababu mimi sijui," alisema. "Anayejua ni wewe."

Mwanangu, nimewahi kutukanwa kwa lugha nne, na hakuna tusi lililonikaa kama maneno hayo.

Jumamosi niliingia ofisini bila kugeuka. Kibali cha kazi cha Mzee Wafula kilikuwa karibu kuhuishwa, na mudiri alikuwa ameshaanza kusema kwamba msimamizi asiyeweza kupima amezeeka, arudi kwao. Nikayasema yote. Mudiri aliniondoa kwenye difu, akaniweka kwenye pipa la kuoshea vipuri kwa miezi mitatu. Mzee alibaki.

Nilipomuuliza kwa nini alidanganya ili kunibebea kosa, alinikatiza. "Sikudanganya. Difu lilikuwa chini ya macho yangu. Nilikuona ukichukua kitambaa, nikasita kukuaibisha mbele ya watu. Kosa hilo ni langu. Lako lilikuwa lako, na umechelewa siku tatu kulikiri. Lakini umefika."

Tulilifungua lile difu pamoja. Ncha za meno zilikuwa zimeanza kumomonyoka, na oili ilikuwa na vumbi la chuma linalometa. Alifunga gia nyingine, nami nikazungusha. Mara ya tano alama ikakaa katikati. Mkono wangu ukaenda kwenye kitambaa kwa mazoea. "Iache," akasema. "Hiyo haina haja ya kufutwa."

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Mtu anapokuuliza jambo asilolijua, amekukabidhi uhai wake. Usimjibu kwa neno la kumfurahisha. Kichekwe cheti chako, uitwe mzito, fungua tena. Na ukishakosea, usingoje ibada ya Ijumaa. Tembea upesi, kwa maana huenda kuna mtu mwema anayeubeba mzigo wako na wewe hujui.

Mungu aitulize miguu yako mahali pa kazi na aihimize mahali pa toba. Popote utakapotia mkono, alama ikae katikati.