Alioga Asubuhi na Jioni

Mama alinipigia simu nikiwa Masasi, akaniomba nimtafutie ukurasa. Alitaka ukurasa wa bungeni, ule ambamo maji yetu yameandikwa.

Nilijua anachozungumzia. Kijiji chetu kiko juu ya uwanda, upande wa Newala, pale ardhi inapokatika na kuanza kuteremka bondeni. Huko juu hakuna mto wala chemchemi. Mvua ikinyesha tunakinga maji ya paa kwenye visima vya saruji vilivyochimbwa uani. Visima vikikauka, wanawake wanateremka hadi chemchemi ya bondeni na kupanda na ndoo kichwani. Nilipokuwa bado sekondari, wabunge wa kamati moja walikuja kuangalia ni vijiji gani vipelekewe bomba kwanza. Mmoja wao alikuwa mtoto wa uwanda huuhuu, anazungumza Kimakonde kama sisi. Wenzake walikwenda kulala mjini, yeye akasema atalala kwetu, kwa sababu mama alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji. Kesho yake, kabla ya kupanda gari, alimshika mama mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mama, hili la maji nitalisema mwenyewe bungeni," alimwambia, "na litaandikwa."

Nikauliza litaandikwa wapi, na nani atalisoma. Nyumbani waliniita Hakimu kwa sababu ya maswali ya namna hiyo. Mama akaniambia niende nikatoe vyombo.

Tangu hapo, kila kiangazi wanawake waliponung'unika, mama aliwajibu kwamba limeandikwa, wavute subira. Wakaanza kumwita Mama Bungeni. Mwanzoni ilikuwa heshima, baadaye ikawa kejeli. Akipita njiani na ndoo yake mtu anamwuliza Spika anasemaje leo. Sasa mkutano wa kijiji ulikuwa unakaribia, na wanawake walewale waliowahi kwenda bondeni kwa neno lake walikuwa wanasema aliwadanganya, kwamba pengine hata Mheshimiwa hakuahidi kitu. Mama alitaka kusimama mbele yao na ule ukurasa mkononi.

Nieleze kwa nini walikwenda bondeni. Kwetu mgeni hupewa maji kabla hajaulizwa habari za atokako. Hupewa ya kunywa na ya kunawa, na akilala hupewa ya kuoga. Tena haambiwi yametoka wapi, maana akijua ataona haya kuyatumia, na mgeni kuondoka na vumbi mwilini ni aibu ya nyumba. Kamati ilikuja kiangazi, visima vimebaki tope. Mama alipita nyumba kwa nyumba, wanawake wakateremka alfajiri, wengine wakarudi tena mara ya pili. Ugeni ulipofika, matangi mawili ya shule yalikuwa yamejaa, na mabeseni yamepangwa na sabuni mpya. Mimi nilisema tuwaambie hawa watu ukweli, kwani si ndicho walichokuja kuuliza? Mama akasema Mheshimiwa ni wa kwetu. Anaijua desturi. Yeye atawaeleza wenzake kwa namna inayofaa.

Basi nikaanza kutafuta. Kumbukumbu za Bunge ziko mtandaoni, mtu yeyote anaweza kuzisoma. Chuoni nilikuwa nikiwaambia wenzangu jambo hilo kama vile ni ushindi wetu, ingawa sikumbuki hata mmoja wetu aliyewahi kuzifungua. Nilikaa kwenye steshenari moja karibu na stendi ya Masasi, mahali ambapo madereva wa bodaboda hutoa kopi za leseni zao. Niliandika jina la kijiji kwenye kisanduku cha kutafutia, hakikupata kitu. Nikaandika Newala, nikaandika maji, hakuna. Kumbe kurasa za miaka ile zilikuwa zimepigwa picha tu, kompyuta haioni neno hata moja. Ilibidi nisome kwa macho, kikao baada ya kikao.

Hansadi, yaani hizo kumbukumbu, ina tabia zake. Kila anayesimama anamshukuru Mungu, kisha Spika, kisha wapiga kura, kisha familia yake, na kengele inalia kabla hajafika kwenye jambo. Wanaoandika hawaachi kitu. Watu wakishangilia, wanaweka mabano na kuandika Makofi. Wakicheka, wanaandika Kicheko. Nilikuwa nasoma na kubishana na skrini, nikijiuliza nani aliwahi kuhesabu shukrani hizo zinakula muda gani wa nchi.

Dada mwenye duka alichoka kuniona. Akaniuliza kama natafuta mchumba humo bungeni.

"Natafuta maji, dada."

"Basi mdogo wangu umekosea ofisi," akasema, akarudi kwenye mashine yake.

Niliipata taarifa ya kamati jioni moja, karibu na muda wa kufunga. Kijiji chetu kilikuwamo. Ilisema kamati imefika na kujiridhisha kwamba hapo maji yanatosha, matangi yamejaa hata katikati ya kiangazi, na kwa hiyo bomba lianzie kwingine. Nilikasirika, lakini niliwaelewa. Walikuwa wageni, waliona matangi yamejaa wakaandika walichokiona. Nikafungua kurasa za mbele haraka, nikimtafuta Mheshimiwa wetu. Nilikuwa na hakika alisimama kuwasahihisha. Mimi nisiyeamini kitu, hilo nililiamini.

Na kweli alisimama.

"Mheshimiwa Spika, naunga mkono taarifa ya Kamati. Mimi mwenyewe nililala pale, na nilioga asubuhi na jioni."

Kisha mabano, na ndani yake: Kicheko.

Nilikaa nikilitazama neno lile mpaka dada akazima taa ya nje. Wenzake Mheshimiwa hawakujua. Yeye alijua kwa nini hakuna aliyemwambia yale maji yametoka wapi, kwa sababu hata nyumbani kwao mgeni haambiwi. Alichukua ukimya wetu, ambao ulikuwa heshima kwake, akaufanya ushahidi dhidi yetu. Na ahadi yake aliitimiza. Alisema atalisema mwenyewe, na litaandikwa.

Nilichapisha kurasa mbili, nikapanda uwanda. Mama alikuwa uani anamenya mihogo. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama usoni, macho yakiwa kwenye karatasi. Nikamsomea. Hakuacha kumenya.

"Soma tena pale pa kuoga."

Nikasoma tena.

"Na hicho kicheko ni cha nani?"

"Cha wote, mama. Hawaandiki majina ya wanaocheka."

Nilimshauri aseme sijaupata huo ukurasa, mtandao ulisumbua, watu wangeelewa. Akaniuliza ni lini Hakimu ameanza kuficha ushahidi. Miaka yote amewaambia watu limeandikwa, basi wasikie lilivyoandikwa.

Mkutanoni alisimama, akaeleza kwa maneno machache, akanipa karatasi nisome. Nilisoma hadi mabano. Bibi mmoja, ambaye siku ile ndoo yake ilimwagika kwenye mteremko akarudi kuteka nyingine, alisema kwa sauti ya chini, "Kumbe ile ya pili ndiyo aliyoogea jioni." Watu wakacheka, halafu wakaacha. Hakuna aliyemwita mama Mama Bungeni.

Mwanamume mmoja alipendekeza mgeni mwingine wa serikali akija akute makopo matupu, anawe vumbi. Nilimuunga mkono kabla hajamaliza. Mama alikataa.

"Mgeni atapewa maji," alisema. "Ila atapewa pale yalipo."

Mheshimiwa alikuja baada ya msimu wa korosho, kwenye ziara. Mama alimtuma mwenyekiti wa kijiji ampokee barabarani na kumwambia kwamba mapokezi yako tayari, kina mama wanamsubiri chemchemini. Tulikuwa bondeni tangu asubuhi. Kulikuwa na beseni, sabuni mpya, taulo, na kikombe cha maji kilichofunikwa kwa kisahani. Tulisikia magari yakifika juu na kusimama pale njia ya gari inapoishia. Tukasubiri. Kisha mwenyekiti akateremka peke yake, viatu mkononi, jasho linamtiririka.

Akasema Mheshimiwa anasalimia sana, muda umembana, ana mkutano mwingine mbele. Anaomba apelekewe ya kunywa pale kwenye gari.

Wanawake wote walimtazama mama. Mama alitazama kikombe, kwa muda uliotosha mimi kuogopa kwamba atakibeba ampelekee. Huko juu injini iliwashwa, ikanguruma kidogo, kisha mlio wake ukaanza kwenda mbali.

Mama aliondoa kisahani, akamkabidhi mwenyekiti kile kikombe kwa mikono miwili.

"Kunywa wewe, baba. Wewe umeteremka."

Akanywa yote. Tukajaza ndoo, tukajitwisha, tukaanza kupanda.