Sinema Isiyo na Muziki

Mama Pindo alikuwa haangalii sinema, alikuwa anazisikiliza. Cherehani yake ilikaa dirishani kufuata mwanga, televisheni ikakaa ukutani nyuma yake, na kwa miaka yote aliyoshona sare za shule na magauni ya maharusi alizijua sinema kwa mgongo. Jina hilo alipewa na wateja, maana gauni lenye pindo bovu halikutoka mkononi mwake hata mwenye gauni apige magoti.

Mumewe ni kinyozi, mtu wa maneno mengi dukani na machache nyumbani. Yeye ndiye aliyekaa kwenye kochi na macho yake mawili, na yeye ndiye aliyeshindwa kila mara. Mkewe, huku anatunga uzi kwenye sindano, alisema bila kugeuka kwamba muuaji ni yule mwenye sauti laini, hebu msikie anavyomeza mate. Na kweli ikawa ndiye. Kinyozi alichukia sana kuharibiwa utamu. Alisema mwenye macho haambiwi tazama, na mkewe akamjibu kwamba hayo macho yake ayapeleke kwa fundi yakarekebishwe.

Kisha Mama Pindo akaugua. Homa ya mapafu, alisema daktari, na presha nayo imepanda, kwa hiyo apumzike, na asipelekewe habari za kumshtua. Macho yake hayakutaka mwanga kabisa. Alilazwa kwenye kochi la sebuleni, amefungwa machoni kipande cha bitana nyeusi, kitambaa cha ndani ya koti, kilichobaki kwenye suti ya mtu. Wifi yake, dada wa kinyozi, mpishi wa shule mwenye mdomo usiopumzika, alikuja kumuuguza. Kutwa nzima walimwekea sinema, na sinema zikimchosha walimwekea nyimbo za zamani kutoka kwenye flashi ya kinyozi, zile anazopiga dukani wateja wakisubiri zamu.

Homa ilivichanganya vyote. Mpelelezi wa sinema ya asubuhi aliingia kwenye wimbo wa mchana na kumkamata mpenzi wa mwimbaji. Mlango wa nje ukigongwa, Mama Pindo aliuliza jambazi amerudi kufanya nini. Siku moja alitaka kujua kwa nini yule mbwa ameoa, na wifi, ambaye hakuwa anajua mbwa wala harusi, akamwambia hajaoa bado, wanatafuta ukumbi. Mgonjwa aliridhika na jibu hilo.

Jumatano simu ikalia. Dada yake Mama Pindo amefariki, na atazikwa Jumamosi huko kwake, mwendo wa saa chache kwa gari. Alikuwa dada yake mkubwa, na hakuwa na mwingine. Mama yao alipokufa, huyo dada ndiye aliyemlea, na ndiye aliyemkalisha kwenye cherehani kwa mara ya kwanza, akikanyaga yeye kwa sababu miguu ya mdogo wake haikufika chini.

Kinyozi aliamua mkewe asiambiwe mpaka apone. Wifi alikataa. Wakabishana mlangoni pa jikoni, na ili mgonjwa asisikie, wakaongeza sauti ya televisheni, ambako watu walikuwa wakipigana risasi. Hapo ndipo walipokosea. Kwa mgonjwa mwingine ujanja huo ungetosha, lakini hao walimsahau mtu wanayeishi naye. Aliyezoea kuchuja maneno katikati ya kelele za cherehani hashindwi na bunduki za kuigiza.

Kwa hiyo Mama Pindo aliyasikia maneno yao, akadhani ni sinema. Alisikia mwanamume akisema asiambiwe, moyo wake hautastahimili. Alisikia mwanamke akiuliza, na wakishamzika, utamwambia nini? Na nyuma yao alisikia bomba likidondosha maji. Aliipenda sana. Kesho yake asubuhi, baada ya uji, aliomba waiendeleze ile sinema ya mama mgonjwa anayefichwa msiba.

Kinyozi alipigwa na butwaa, kijiko mkononi. Alisema ile flashi ya sinema imeharibika. Mkewe akamwambia basi atafute kwenye nyingine, na yeye, badala ya kusema kweli, akaanza kutafuta. Aliweka moja, mgonjwa akasikiliza kidogo akasema siyo hii. Akaweka nyingine, nayo siyo. Njia ya mwongo ni fupi, lakini kinyozi aliipita asubuhi nzima, na jasho likimtoka kama aliyeugua ni yeye. Mimi namlaumu, tena sana, ingawa najua alimpenda mkewe na aliogopa kumpoteza naye.

Alipokwenda dukani, Mama Pindo alimsimulia wifi hadithi nzima tangu mwanzo. Alisema yule mume ni mwoga lakini si mbaya, na sauti yake inamkumbusha mtu, ila hamkumbuki ni nani. Kinachomuuma ni yule mama. Watu watazika na kurudi, na yeye atakuwa bado anauliza kama huyo mtu wake amepata nafuu. Akalia chini ya ile bitana, kilio cha kweli, mpaka kitambaa kikalowa. Wifi alisema anakwenda kutazama sufuria. Sufuria haikuwepo jikoni, ilikuwa imeanikwa uani.

Jioni alimvaa kaka yake. Alimwambia mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba asipomwambia mkewe usiku ule, yeye wifi atamwambia, na presha wataishughulikia hukohuko mazikoni. Kinyozi alimsihi ampe hadi Ijumaa.

Ijumaa homa ilishuka. Mama Pindo alijifungua kile kitambaa, akapepesa macho, na mwanga haukumuuma. Televisheni ilikuwa imezimwa. Alikaa akiitazama sebule yake mwenyewe kama mgeni aliyeingia nyumba siyo, na kutoka jikoni akasikia bomba likidondosha maji, tone moja moja, na nyumba nzima kimya. Akamwita mumewe, naye akaja na dada yake.

"Ile sinema," alisema, "ilikuwa na bomba kama letu."

Kinyozi alijibu kwamba sinema nyingi zina mabomba.

"Na haikuwa na muziki. Watu wanaambiana habari ya msiba, na hakuna hata kinanda? Miaka yote hii nasikiliza, sijasikia mtu akifiwa kwenye sinema hivihivi namna ile."

Kinyozi alimtazama dada yake. Dada yake akamwonyesha mgonjwa kwa kidevu.

"Aliyekufa pale," Mama Pindo aliuliza, "alikuwa nani wake?"

"Dada yake."

"Mkubwa au mdogo?"

Kinyozi alishuka kwenye kiti akakaa sakafuni, karibu na miguu ya mkewe. "Mkubwa," alisema.

Mama Pindo alikikunja kile kitambaa cha bitana mara nne. Kisha aliuliza kama wameshamzika. Kinyozi akamwambia bado, ni kesho saa nne, na akaanza maneno mengi ya kujitetea, kuhusu daktari, kuhusu presha. Mkewe hakuyasikiliza. Alikuwa anamtazama wifi yake, amechanganyikiwa kweli, kama mtu anayetaka kuelekezwa njia.

"Nimeshamlilia yule mama hata machozi yakanikauka," alisema, "nikidhani ni mtu baki. Sasa nifanyeje, wifi? Nianze upya?"

Kinyozi aliondoka kwenda kutafuta gari la asubuhi, na wifi akapiga magoti akamvisha mgonjwa soksi za safari.